Kwa Magoti

Jumapili, Ng'wasi akiwa kanisani,
nilipiga magoti mlangoni nikaanza kutambaa.
Si ibada. Nilitaka kuiona nyumba
kwa kimo cha binti yangu Limi,
miezi tisa, meno mawili,
ambaye jana aliuvuka mkeka wote
kabla uji haujapoa.

Huku chini ni nchi nyingine.
Meza haina kitambaa, ina vichwa vya misumari.
Uvungu ni pango.
Soketi ina macho matatu na haipepesi.
Waya wa pasi umening'inia kama mkia wa paka;
nawe una miezi tisa, kwa nini usiuvute?

Nyuma ya mlango, chupa ya soda ya chungwa,
ndani mafuta ya taa, kizibo cha gunzi.
Mwenye kiu hasomi chupa.
Dawa ya panya, kwenye karatasi ya rangi za pipi.
Betri ya rimoti, duara, inang'aa kama peremende.
Vyote niliviweka mimi,
kwa mikono hii,
nikijiona mtu wa mpangilio.

Nilipandisha. Nikafunga. Nikaficha.
Jiko la mkaa likahamia nje, kwenye kibaraza cha nyuma.
Vidonge vya Bibi Kwandu vikapanda juu ya kabati,
na sasa kila usiku ananigongea ukuta:
"Baba Limi, njoo unishushie presha."

Ndoo ya maji nikaiinua juu ya stuli,
nikaifunika sinia, juu ya sinia jiwe.
Ng'wasi aliporudi akacheka:
"Maji nayo umeyafunga jela?"
Sikumjibu.
Mama Bukwimba wa kule bondeni
aliniambia mara moja tu, tukiwa foleni bombani:
"Ilikuwa ya lita kumi. Haikuwa hata imejaa."
Kisha zamu yake ikafika, akakinga.
Ziwa lote liko pale chini, hadi Saanane na kupita,
na sisi tulikuwa tunaliogopa ziwa.

Igogo tumejenga pale jiwe liliporuhusu.
Toka kizingiti changu hadi bati la jirani
ni hatua tatu, na ya tatu ni hewa.
Mwenye nyumba, Mzee Balele, alikataa nondo:
"Ukitoboa ukuta, utanunua ukuta."
Nikashuka mwaloni Kirumba,
nikarudi na wavu chakavu wa sangara,
bado unanuka, magamba yameng'ang'ania mafundo.
Nikaukaza mlangoni kwa manila.
Kwangu unafika pajani,
kwake unapita kichwa.

"Sisi tulilea saba bila nyavu," alisema Bibi Kwandu.
"Saba, mama?" Ng'wasi akauliza, taratibu.
Bibi akaanza kuhesabu kwa vidole.
Kimoja alikikunja bila kukitaja,
akainuka kwenda kuangalia maharage.
Jioni, alipodhani sote tuko ndani,
nilimwona ameinama mlangoni
akivuta fundo moja moja,
kupima kama linashika.

Limi mwenyewe aliusogelea wavu,
akashika matundu mawili, akasimama.
Mara ya kwanza kusimama.
Akatazama bati la jirani,
kuku juu ya bati,
maji yanayometa nyuma ya kuku,
kisha akanigeukia kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Usiku, wote wamelala, umeme umekatika.
Nilichukua tochi nikapiga magoti tena,
mara ya mwisho, nilijiambia,
ili nami nilale.
Uvunguni, karibu na mguu wa kitanda,
palikuwa na kifungo cha bluu
cha shati langu la kazini.
Nilikiokota.

Kilikuwa kimelowa.