Chini ya Meza

Ufunguo ulikaa kwa Nukri, fundi viatu wa ghorofa ya chini,
ndani ya kiatu cha kushoto kisichodaiwa na mtu.
Ukisema "naenda juu kuandika"
alikupa bila kuuliza jina, ila aliuliza:
"Yule mjane, ameshaolewa?"
Maana dari ile haikuficha neno.

Ngazi ishirini na mbili, ya tisa imeoza.
Chumba kimoja Sololaki, dirisha linatazama ukuta.
Jiko la kuni, birika la nani sijui,
kamusi tatu, moja imeishia katikati ya alfabeti,
na chupa ya jamu ya kutilia kodi:
mwenye lari alitia lari, mwenye kuni alileta kuni.
Mimi, mfamasia wa zamu ya usiku,
nilileta risiti za dawa, mgongo wake mweupe.

Sheria moja tu: usiombe radhi kabla ya kusoma.
Tsisana aliivunja kila Alhamisi.
Miaka kumi na tisa anaandika riwaya ya karani wa reli
na karani hajapanda treni.
"Mpandishe! Hata daraja la tatu!"
Akasema, "Bado hajaniaga."
Tukanyamaza. Kuni zikalia.

Lakini meza. Mwaloni, nzito kama deni.
Chini yake, kwa penseli, tukilala chali kama makanika,
tuliandika majina ya watu tuliowafuta:
mjomba wa Gocha aliyezidi kwenye sura ya pili,
pacha wa Lamara, mapadri wawili, mbwa,
na dada niliyemtunga mwenyewe, nikamwua kwa mstari mmoja
kwa sababu shindano lilitaka kurasa kumi.
Hawana kaburi kwingine.

Kisha nyumba ikauzwa.
Vitabu vikashuka, birika likashuka, jiko likashuka na masizi yake.
Meza ikakataa mlango.
Tuliilaza, tukaisimamisha, tukaitukana.
Nukri akaleta msumeno, akautazama, akaurudisha.
Iliingiaje? Hakuna aliyekumbuka.

Siku hizi tunasomeana nyuma ya duka lake,
tukishindana na nyundo, gundi ikitupanda kichwani.
Si pabaya. Karani wa Tsisana amefika stesheni.

Juzi nikapanda ngazi zile kama mteja wa hoteli.
Ya tisa imetengenezwa.
Nikaagiza kahawa, bei yake kuni za wiki nzima.
Meza wameipaka vanishi juu tu.
Nikaangusha kijiko, nikakifuata.

Wote wapo. Mbwa yupo. Dada yangu yupo.
Na pembeni, kwa wino, mwandiko nisioujua:
jina geni, na mkato baada yake.

"Umepoteza kitu?" mhudumu akauliza.
Nikamtazama vidole kwanza,
ndipo nikamwambia: Alhamisi, saa moja jioni,
kwa fundi viatu.
Na usiombe radhi.