Wa Pili Kutoka Kushoto

Tusajigwe, yule kijana wa Ayalandi
asiyecheka pichani,
tulimbandika kwa ugali wa jana
mlangoni mwa kabati, bweni la Tukuyu,
mvua ikitwanga bati, sauti yake ikizama.

Mkanda ukijinyonga, tuliuzungusha kwa penseli.
Maneno tuliyanakili kwa sikio tu:
nusu yake Kinyakyusa.

Redio ikatangaza: amekutwa hotelini, amelala, haamki.
Matroni akauliza, "Huyo mzungu ni mjomba wenu?"
Ukajifunika blanketi, ukasingizia mafua.

Nimetimiza arobaini na moja.
Yeye bado ishirini na tisa.
Nawe, Tusa, hata ishirini hujafika,
na daftari lako ninalo,
ubeti wa tatu
umeishia katikati ya neno.