Tia Alama Palipoumia

Karani wa fidia, pale Mbale,
kanisukumia fomu yenye mchoro wa mtu:
"Tia alama palipoumia."

Nikakitazama kile kimtu kisicho na uso.
Mikono ninayo. Miguu, yote miwili.
Miaka kumi na mitatu ya zimamoto
sijaungua hata ukucha.

Ila tangu bweni lile
Nambozo hachomi tena gonja nikiwa nyumbani;
moshi ukipanda, nahesabu vitanda.
Nikifika cha tisa naanza upya.

"Asilimia ngapi, Bwana Mafabi?
Lazima tuandike asilimia."

Nikashika kalamu.
Nje mtoto alipuliza filimbi ya plastiki,
na goti langu, lile zima,
lisilo na alama yoyote,
likawa limeshakimbia.