Dirisha Namba Tatu

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi huja Odell Harjo
na viatu vyake vya karakana ya matairi,
huivua kofia, huzinyoosha noti kwenye kaunta
kama anayezipiga pasi kwa kiganja:
dola ishirini na tano.
Mimi hugonga muhuri.
Mwaka wa kumi na moja huu, hapa Okmulgee, nagonga muhuri.

Dawa ya deni kulipa, ndiyo,
lakini huyu alikopa nini?
Skrini yangu yasema:
ada ya wakili aliyepewa bure
(nimeisoma mara nyingi: bure),
ada ya kitanda cha rumande,
ada ya kupimwa mkojo, ada ya karatasi,
ada ya kuchelewesha ada.
Kifungo alikimaliza, miaka minne, hakupunguziwa hata saa.
Alipotoka langoni akalikuta deni limekaa nje linamngoja,
limenenepa.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Yeye kwenye harusi hakualikwa.

Februari ile barafu ilifunga karakana, hakuja.
Hati ya kumkamata ilitoka kwenye printa yangu
ikiwa bado na joto, kama mkate.
Akalala ndani siku tisa,
akarudi na mstari mpya kwenye skrini: ada ya hati.
Nilimwomba radhi? Nilisema, "Anayefuata."

Jumanne hii jaji mgeni, Bi. Renfrow,
aliwaita wenye madeni ghorofa ya pili.
Aliuliza mshahara, kodi ya nyumba,
insulini ya mama inagharimu nini.
Dakika sita.
Odell akashuka, akapitisha karatasi chini ya kioo.
Nikaandika sifuri.
Mashine ikauliza: Una hakika?
Hainiulizagi hivyo ninapoongeza.

Hakucheka, hakulia.
"Risiti," alisema.
Bwana Harjo, leo hujalipa kitu,
mashine haitoi risiti ya kisicholipwa.
Akasimama tu. Kusimama amezoea.
Foleni nyuma yake ikakohoa.

Basi nikavuta droo ya chini,
kile kitabu cha zamani, cha kaboni,
nikaandika kwa mkono:
Nimepokea kutoka kwa Odell Harjo
kiasi cha

kalamu ikakwama hapo,
nikaitazama mikono yake, masizi ya mpira kwenye kucha,

miaka minne na siku tisa.

Nikagonga muhuri.