Ruhusa

Daktari ameandika "aende nyumbani"
kwa mwandiko wa mtu mwenye wodi tatu,
akaondoka.
Kwenda kwenyewe ameniachia mimi.

Kitanda cha saba. Mumbua, miaka miwili na nusu,
nimonia, siku tisa.
Namtoa kanula polepole,
plasta inang'ang'ania kama kupe,
analia kwa sauti nzima.
Siku tisa nimeisubiri sauti hiyo.

Mama yake, Syokau, amekwisha funga leso:
blanketi, kikombe, ndala moja,
ya pili imemezwa na wodi.
Chini, shemeji yake yuko foleni ya malipo tangu saa mbili.
Namkalisha. Bado, mama.

Dawa hii, mililita tano, mara mbili kwa siku.
Napiga mstari wa biro kwenye bomba.
Kwenye chupa nachora jogoo: asubuhi.
Anacheka, mara ya kwanza tangu alazwe mtoto.
"Sista, Pipeline jogoo yuko kwa sufuria."
Basi asubuhi yenu ni nini?
"Ni mkokoteni wa maji."
Na jioni?
"Yule wa chapati, akiwasha jiko pale kwa ngazi."
Namkata jogoo. Nachora madumu, nachora jiko.
Saa yetu ya ukutani imesimama tangu Machi.

Sasa nifundishe wewe, mimi ndiye mgeni.
Anaanza, macho kwenye dari:
mbavu zikiingia ndani,
pua ikipepea, akikataa maziwa,
akilala usingizi usioamshika,
nisingoje kuche.
Na akipata nafuu, dawa je?

Ananyamaza.
Anaitazama chupa
kama anayepima unga hadi mwisho wa mwezi.
"Kuna mdogo wake. Naye anakohoa."

Fomu yangu haina mstari wa neno hilo.
Naandika pembeni, kwa herufi ndogo.
Mlete, namwambia. Mlete kesho.
Chupa hii haina ndugu.

Saa tisa unusu wanatoka.
Mumbua ananipungia mkono wenye pamba,
kisha anakumbuka ni mimi niliyemchoma,
anaurudisha ndani ya leso.

Natandua shuka. Godoro lingali na joto.
Mapokezi wanapiga simu: sista, kuna kitanda?
Nainama, na chini ya uvungu,
nyekundu, ndogo kuliko kiganja changu,
ndala.
Naitia mfukoni mpaka Alhamisi, siku ya kliniki.

Kipo, nawajibu. Mleteni.