Jiko Moja, Nagpur

Harufu ya haradali ilipanda ngazi kabla ya mke wangu.
Jirani akapiga chafya ghorofa ya pili;
mama akafunga mlango wa jikoni polepole,
kama anayefunika maiti.

Kwetu Madurai mafuta ni ya ufuta,
dengu bila ukwaju ni maji ya kunawia miguu,
na samaki havuki kizingiti.
Kwao Sudeshna, Bardhaman,
samaki hupelekwa harusini amevishwa sari,
na kipini puani.

"Sukari kwenye dengu?" mama aliuliza. "Nani anaumwa?"

Miezi saba, jiko moja, zamu mbili.
Mimi nilikula hapa, nikala na pale,
nikanenepa kwa woga.

Kisha akaja shemeji Tejinder kutoka Ludhiana,
kapakata ndoo ya siagi tangu stesheni.
Akachemsha dengu nyeusi usiku kucha,
akamwagia malai, akaongeza malai,
akatupakulia huku akicheka.

Mama akachovya kidole.
Sudeshna akachovya kidole.

Hakuna aliyesema kitu.
Mama alisogeza kigoda kwa mguu,
mke wangu akaketi,
wakaanza kuchambua mchele:
ungo mmoja, vichwa viwili.