Bibi Mzaa Baba

Alikuja dukani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
akataka singa za mkonge ambazo hazijasokotwa.
Nusu kilo. Akazinusa.
"Kwetu tunafuma mwale," akasema,
Kiswahili chake kikichechemea kidogo,
"ila vidole ni hivi hivi."

Nikamuuliza jina, niandike risiti.
Ekaette.
Nikaandika Eka, kalamu ikasita.
Akacheka, akanikatia jina lake pingili kwa pingili
kama muwa:
eka, mama; ete, baba.
"Mimi ni mama wa baba. Nilizaliwa nikiwa bibi."

Tangu hapo hupita kila asubuhi akienda kiwandani Pongwe.
Emesiere, husema. Kumekucha.
Nami nakiokota Kiibibio chake
kama chenji iliyoanguka chini ya meza.
Neno akpa, kwa mfano:
ukilipandisha, ni maji mapana yasiyo ng'ambo;
ukilitelezesha, ni sisimizi.
Nilijaribu. Alishika mbavu.
Nilikusudia bahari,
nikatema wadudu mbele ya wateja.

Jumamosi alikaa kwenye gunia, anasuka kikapu, hasemi.
Mwanawe Aniekan yuko darasa la tatu.
"Namwita kwa Kiibibio,
ananijibu Naam.
Anaelewa, lakini hanirudishii.
Ni kama kumpigia mtu mpira akaukalia."

Nikamcheka mtoto.
Ndipo akaniuliza, bila kuinua macho kwenye kikapu:
"Na wewe, bibi yako mzaa baba
alikuwa anaita nini maji?"

Maji, nikasema.
Akasubiri.
Bibi yangu alitoka Duga, na kapu la mhogo,
na Kidigo ambacho baba alimwomba akiache mlangoni
pamoja na ndara,
watoto wasije wakachekwa shule.
Alikiacha. Alikaa kwetu miaka sita
akiomba chumvi kwa kidole.

Ekaette bado anasubiri. Uzi umemkaa menoni.
Kisha, sijui kutoka wapi, labda chini ya ulimi
palipobaki unyevu:
madzi.

"Mmong," akanijibu, polepole,
kama anayepokea kata iliyojaa.

Risiti ile bado imo kitabuni:
singa, nusu kilo. Mnunuzi: Eka.
Na pembeni, kwa wino mwingine, madzi.
Siku afisa wa mapato akija
ataniuliza niliuza nini,
na kwa bei gani.